Kisima Nambari Tatu

Bahasha aliyoniletea Rehema ilikaa chini ya kopo la sukari siku nne, na siku zote nne nilikunywa chai isiyo na sukari ili nisilazimike kuliinua kopo. Cheka ukitaka. Rehema alikuja hapa kwangu Kisauni kutoka Likoni, mwanamke mzima mwenye wajukuu, akaniamkia vilevile alivyokuwa akiniamkia akiwa na miaka minne, akaketi, akala mahamri yangu matatu, ndipo akaitoa. Binti yake anasoma chuo kikuu. Huko maktabani amekutana na jarida kuukuu la utafiti wa homa, la zama za vita, na ndani yake mna ramani ya Likoni yenye visima saba. Amenakili ukurasa akamletea mama yake, na mama yake ameniletea mimi. "Dada Mwanakombo," akasema, "si wewe uliyekuwa ukichora kwa yule Bibi Daktari? Basi kazi yako hii." Nikamwambia ahsante, nikaisukuma bahasha chini ya kopo, nikaanza kumuuliza habari za magoti yake. Hakujua kwamba ramani ile niliichora mara mbili, mara ya kwanza kwa makosa na mara ya pili sawa, na kwamba zote mbili zilipakiwa melini wakati meli zikizamishwa njiani. Ipi ilifika na ipi ilichapishwa, mimi sikupata kujua. Nimezeeka na swali hilo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikikaa Likoni kwa Bi Mishi, mwanamke aliyekuwa na minazi yake kidogo, kisima chake cha maji matamu, na mdomo usiojua kupumzika. Rehema ni mjukuu wake. Mimi nilikuwa nikichora kofia. Wenye kofia zao wanajua kwamba kofia ya mkono haishonwi kwa kubahatisha. Mchoraji huitia nakshi yake kwenye karatasi kwanza, akaitoboa kwa sindano, kitundu kwa kitundu, kisha akailaza karatasi juu ya kitambaa na kuisugua kwa unga wa makaa. Unga hupita vitunduni, nakshi ikabaki chini, mshonaji akashika kazi yake. Na tulikuwa na mazoea haya: karatasi twailaza kifudifudi, ule uso uliochorwa ukawa chini, makaa yakasuguliwa mgongoni, ili mchoro usichafuke, maana mchoro mmoja watakiwa utoe kofia nyingi. Hapana ubaya wowote. Nakshi ya kofia, kulia kwake ni kushoto kwake, uigeuze usiigeuze ni ileile. Nilifanya hivyo tangu nikiwa mdogo na mkono wangu haukuniomba ruhusa tena.

Aliyenipeleka kwa Bibi Daktari ni Kalume, kijana wa Kirabai, Mkristo, mpole, mwenye miguu mirefu. Kazi yake ilikuwa kuzunguka visimani na upawa wa bati, kuchota maji ya juu juu na kuyatia chupani, aone mna viluwiluwi vya mbu wa namna gani. Siku aliyokuja kuchota kwa Bi Mishi akanikuta barazani na karatasi zangu zimetandazwa. Akasimama. "Dada, mkono wako hautetemeki?" Nikamwambia mkono hautetemeki, mimi mwenyewe ndiye natetemeka, na ulikuwa ukweli mtupu, kwa kuwa mimi ni mwoga tangu kuzaliwa. Yeye akadhani ni mzaha. Wiki haikupita nikaitwa.

Nyumba ile ya utafiti ilikuwa ya mbao na mabati, haikuwa mbali na kivuko, ina vyumba viwili na jiko la nje. Chumba cha mbele kilinuka spiriti mpaka chakula changu cha mchana kilikuwa na ladha yake. Mbu walikuwa kwenye visanduku, kila mmoja amechomwa pini nyembamba kuliko unywele, na chini yake kijikaratasi: wapi, siku gani, nani aliyemkamata. Meza yangu iliwekwa dirishani upande wa kaskazini kwa sababu ya mwanga. Nilikuwa nikitazama kwenye hadubini kwa jicho la kushoto na kuchora kwa wino mweusi huku jicho la kulia likiangalia karatasi, na jioni macho yangu yalikuwa hayasikilizani. Bawa la mbu mmoja lilikuwa likinichukua siku mbili. Palipo na kivuli watia vinukta, hupaki wino, kwa sababu mtambo wa chapa huko ng'ambo ukipewa weusi uliopakwa hutoa uchafu. Pembeni watia kistari cha kipimo. Na chini ya mchoro ndipo yanapokuja maelezo, mistari miwili mitatu ya taipu, ya kumwambia msomaji anachokitazama. Bibi Daktari alikuwa mkali kwa mbu lakini kwa maelezo alikuwa mkali zaidi. Alikuwa mwanamke wa Kizungu mwembamba, mwenye Kiswahili sahihi kisicho na mapambo. "Mtu atakayesoma hajawahi kufika Likoni," aliniambia. "Hatakuwa na sisi wa kumuuliza. Maelezo ni kiapo."

Aliyekuwa mchoraji kabla yangu alifukuzwa kwa unywele mmoja. Wallahi, unywele. Alimwongezea mbu unywele mguuni ili miguu miwili ifanane, Bibi Daktari akahesabu, akamwambia achukue kofia yake. Habari hii nilipewa na Kalume siku ya kwanza, tumekaa kwenye vidato vya jikoni tukila muhogo wa kuchemsha kwa pilipili na chumvi. Kisha, kama hiyo haitoshi, akanipa na ya karani mmoja wa Changamwe aliyepoteza ramani ya ofisi, akachukuliwa kuhojiwa, asionekane wiki tatu. "Wakati wa vita," Kalume akasema, "kosa la karatasi hawaliiti kosa. Laitwa hujuma." Neno lile sikuwa nimelisikia. Alipokwisha kunieleza maana yake, nikamsukumia muhogo wangu. Kalume akaumalizia yeye.

Baada ya mbu na mabawa ikaja ramani, iliyokuwa itangulie katika ripoti kama Mchoro wa Kwanza. Barabara inayotoka kivukoni ilikwisha kuchorwa, imenyooka katikati ya karatasi, na pwani kulia. Visima vilikuwa kwenye karatasi nyingine, nyembamba, ile inayoonyesha kilicho chini yake. Kalume alivipima kwa hatua kutoka barabarani, akatia nukta saba na nambari zake, moja mpaka saba, kutoka juu kwenda chini. Majina ya wenyewe yalikuwa kwenye daftari lake, na daftari alikwenda nalo Chaani kuanza kazi ya huko. Mimi nilipewa karatasi nyembamba na karatasi ya maelezo: duara jeusi, kisima chenye viluwiluwi vya mbu wa homa, duara tupu, kisima kisicho navyo. Vyeusi vilikuwa vitatu: cha tatu, cha tano, cha sita. Nikazitoboa nukta kwa sindano. Nikailaza karatasi juu ya ramani, nikasugua makaa, nikaiondoa, nikazizungushia nukta wino, nikaandika nambari kwa mpangilio, juu kwenda chini, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Bibi Daktari akahesabu: saba. Akahesabu vyeusi: vitatu. Akasema, "Safi," na kwake hilo lilikuwa hotuba. Akaniambia nitoe nakala ya pili kwa ajili ya watu wa afya. Ile ya kwanza ikatiwa kwenye bomba la bati, ikapelekwa melini.

Kumbuka jambo hili moja na yote yaliyofuata yatakuwa wazi. Bi Mishi alikaa upande wa baharini, ambao kwenye karatasi ni kulia kwa barabara. Ng'ambo ya barabara, upande wa mashambani, alikaa Mzee Bakari na jamaa zake, na wao walikuwa na kisima chao, cha kale, kimejengewa ukuta na kifuniko. Visima viwili vilielekeana, umbali karibu sawa. Ukitia kimoja mahali pa mwenzake, karatasi haitakwambia kitu.

Kabla hajaondoka kwenda Chaani, Kalume alikuwa amenidokeza. "Mwambie Bi Mishi asikipende sana kile kisima." Hakuongeza, na mimi sikumuuliza, kwa kuwa nilijua maana yake. Nikakaa wiki nzima nikiogopa siku watakayokuja kukifukia. Sikumwambia Bi Mishi. Ningeanzia wapi? Maji yale ndiyo aliyojivunia kuliko minazi, kuliko marehemu mumewe. Mgeni akifika, kabla ya chai alikuwa akipewa maji. "Onja kwanza, uniambie kama umepata kunywa maji kama haya." Na Rehema wakati huo alikuwa hoi, homa yaja leo, kesho yampa nafasi, kesho kutwa yarudi, na bibi yake akimpaka maji yaleyale kipajini na kumsomea.

Ilikuwa Ijumaa asubuhi, bwana afya akaja barazani kwa Bibi Daktari na ile nakala yangu mkononi. Nilikuwa ndani, nachora mguu wa mbu. Dirisha lilikuwa wazi. Nikamsikia akisema, "Jumatatu tunaanza na cha tatu. Cha Mzee Bakari." Nibu ikasimama. Bibi Daktari akauliza kama wenyewe wameambiwa. "Wameambiwa. Mzee amenyamaza tu." Na mimi, Mwanakombo, nisiyetaka kudanganya katika uzee huu, jambo la kwanza nililosema moyoni ni alhamdulillahi. Si chetu! Nikarudi kwenye mguu wa mbu nikatia unywele wa kwanza, wa pili, na kwenye wa tatu mkono ukakataa. Kalume amesemaje? Nikafungua mtoto wa meza, nikaitoa ile karatasi nyembamba. Nambari tatu ilikuwa kulia. Bwana afya alipokwisha kwenda, nikaitazama ramani aliyoiacha mezani. Nambari tatu ilikuwa kushoto. Nikaigeuza karatasi nyembamba kifudifudi, nikailaza juu, na nukta zote saba zikaangukia mahali pake kwenye ramani, sawasawa. Mgongoni mwake mlikuwa mweusi kwa unga wa makaa. Niliifanya kofia.

Sijui kama umepata kuogopa mpaka masikio yakasikia maji. Niliirudisha karatasi, nikafunga meza, nikaomba ruhusa kwamba tumbo laniuma, nikaenda nyumbani. Nikateremsha ndoo kisimani. Kiluwiluwi cha mbu wa kawaida hujining'iniza majini kichwa chini. Cha mbu wa homa hulala, kimenyooka sambamba na uso wa maji. Nilivichora hivyo siku kumi, na maelezo yake nayajua mpaka leo. Nikainama juu ya ndoo. Vilikuwa vimelala. Bi Mishi akatokea nyuma yangu, amejitanda leso, uso wamemeta. "Umesikia? Kisima cha akina Bakari chafukiwa Jumatatu! Maskini. Nimemtumia salamu nikamwambia asihuzunike, waje watu wake wateke kwangu, maji ya Mungu haya." Akaichukua ndoo mikononi mwangu, akaenda nayo chumbani alikolala Rehema.

Jumamosi alikuja Mzee Bakari mwenyewe. Alikaa kwenye ukingo wa baraza, hakutaka mkeka. Tulimwandalia chai na mkate wa unga wa manjano, ule wa miaka ile ya shida, akala kidogo kwa adabu. "Kisima kile kimechimbwa na babu yangu," akamwambia Bi Mishi, "na twakifunika kila jioni. Sijui ni kosa gani tumefanya." Bi Mishi akamwambia ni mambo ya darubini, hayana hoja. Mzee akaniuliza mimi, kwa upole kabisa, "Mwanangu, wewe uko nao kule. Wameona nini kwetu?" Nikasema, "Sijui, baba. Mimi nachora tu." Nimesema uongo mwingi katika maisha yangu, mwingine mkubwa. Ule wa "nachora tu" ndio unaonijia nikiwa peke yangu.

Tazama mtego wenyewe. Nikinyamaza, mzee yule afukiwa kisima safi, na Rehema aendelea kuumwa na mbu mpaka afe. Nikisema, Bi Mishi apoteza kisima kwa mkono wa mtu aliyemlaza nyumbani kwake. Na nani atakayeamini kwamba ni mazoea ya kofia? Ramani ya serikali, wakati wa vita, kisima kibaya kimehamishwa kutoka nyumba anayokaa mchoraji! Nililisikia lile neno la Kalume kila nilipofumba macho. Jumapili mchana Rehema akaanza kutetemeka, meno yakigongana, akaniita, "Dada, nifunike." Nilimfunika kwa leso zote tulizokuwa nazo na bado alitetemeka. Nikachukua chupa ya mafuta ya taa iliyooshwa, nikaijaza maji ya kisimani, nikaificha ndani ya buibui langu, nikatoka.

Bibi Daktari alikuwa peke yake barazani, anakula mkate na yai. Nikatoa shikamoo kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Nikamwekea mbele ile karatasi nyembamba niliyoitoa mezani kwangu, nikaigeuza, nikaigeuza tena. Alitazama muda mrefu. Akaacha kutafuna.

"Uligeuza?"

"Niligeuza, Bibi. Kwenye kofia twageuza."

"Na kisima cha tatu ni cha nani?"

"Ni cha Bi Mishi."

"Unakaa kwa nani?"

"Kwa Bi Mishi."

Kuku walikuwa wakiparura chini ya baraza, na mimi nikawa nawasikiliza wao. Mwisho akasema, "Ulijua tangu lini?" Nikasema tangu Ijumaa. "Leo ni Jumapili." Nikasema naam. "Siku mbili," akasema. Nikasema naam. Nikatoa chupa, nikamwambia mjukuu wa Bi Mishi ana homa. Akaiinua kwenye mwanga, akaitazama kwa jicho moja, na nikamwona anavihesabu, jamani, hata wakati ule anavihesabu. Aliponitazama uso haukuwa wa hasira. Ulikuwa wa mtu aliyechoka. Aliingia ndani akatoka na karatasi mpya ya ramani, na kijikaratasi kilichokunjwa, ndani yake kwinini. "Hii mpe mtoto. Na hii chora sasa hivi. Itakwenda na meli ijayo, na barua yangu." Kisha akaongeza, na hapo ndipo nilipotamani kuhojiwa wiki tatu kama yule karani: "Kesho utakwenda na bwana afya. Kalume hayupo. Utamwonyesha kisima wewe."

Jumatatu walikuja watu sita na mikokoteni miwili ya mawe ya matumbawe. Bwana afya akaniuliza, "Wapi?" Nikainua mkono. Mkono ambao haukuwahi kutetemeka juu ya bawa la mbu ulitetemeka mpaka begani. Bi Mishi alikuwa akikuna nazi. Hakuinuka kwenye mbuzi.

"Mwanakombo. Wawaonyesha wewe?"

"Ndimi, Bi Mishi."

"Si walisema cha Bakari?"

"Nilikosea mimi. Chenye homa ni hiki. Rehema—"

"Usinitajie Rehema. Nakuuliza, wawaonyesha kisima changu?"

"Ndiyo."

Akainuka, akateremsha ndoo, akateka, akaiweka ndoo kizingitini, akaingia ndani akafunga mlango. Lile jiwe la kwanza lilipogonga maji nilifikiri ni mimi nimetumbukia.

Nilifunga mkeka wangu niondoke, lakini sikufukuzwa. Jioni sahani yangu ilikuwepo, na kesho yake, na kesho yake. Alinipa chakula kila siku na hakunipa neno. Alichotaka kuniambia alikipitisha kwa mtoto: "Rehema, mwambie dada yako unga umekwisha." Kwinini ilimfaa Rehema, akaanza kukimbia uani, akawa tarishi wetu. Bi Mishi alikwenda kuteka kwa Mzee Bakari, na mzee alimwekea jiwe la kukalia pale kisimani, asimuulize lolote. Mimi niliogopa tena mambo mapya: kwamba meli itazama, kwamba ramani mbaya itachapishwa, na mtu wa mbali asiyeijua Likoni ataisoma na kuuamini uongo wangu ulioapiwa na maelezo. Mvua kubwa zikaja, mbu wakaja, Rehema hakuugua. Asubuhi moja ya mwisho wa mvua hizo nilikuwa nimeinamia karatasi zangu za kofia barazani, zote zikiwa zimelala uso juu, kwa kuwa tangu siku ile sijageuza karatasi tena. Bi Mishi akapita nyuma yangu. "Mwanakombo," akasema, "chai yako yapoa." Mtoto alikuwa amekaa pale pale, angeweza kumtuma. Nililia ndani ya kile kikombe.

Siku ya tano ya bahasha, Rehema alirudi hapa kwangu Kisauni. Akaona bahasha haijafunguliwa, akaniambia, "Dada, na wewe!" akaliinua kopo mwenyewe. Akanitandazia ukurasa mbele yangu na kunivisha miwani kama mtoto. Barabara katikati. Pwani kulia. Nikashusha kidole taratibu: cha kwanza, cha pili. Cha tatu kilikuwa kulia, upande wa baharini, duara jeusi, na kushoto kwake duara tupu la Mzee Bakari, safi. Ramani ya pili ilifika. Nikasoma maelezo ya chini, ya Kiingereza kikavu cha Bibi Daktari, visima saba vya Likoni, vyeusi na vitupu, na mwisho kabisa mstari ambao hapakuwa na haja mtu yeyote auandike: *Mahali pa visima pamesahihishwa na mchoraji mwenyewe.*

"Yasemaje?" Rehema akauliza. Nikamtafsiria. Akaweka kidole chake karibu na changu, juu ya duara jeusi. "Hapa ndipo sisi?"

"Ndipo nyinyi."

"Sasa mbona walia?"

Nikamwambia anitilie sukari, vijiko viwili, maana ni siku ya tano sijaionja.